Taa ya Breki kwenye Mteremko wa Kapsokwony

Vijana wa gereji, mmenisumbua tangu siku ile ya keki na hotuba. Mnataka niandike, mnasema eti nimeondoka na mambo mengi kichwani. Yaliyo kichwani mwangu mengi ni kelele za eksozi, lakini sasa nashinda nyumbani, na mke wangu ameanza kunitazama kama mgeni aliyechelewa kuaga. Kwa hiyo wacha niandike. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nilikuwa napata nini, maana hayo hayakumsaidia hata mwendeshaji mmoja kusimama mbele ya ng'ombe. Nitawaambia habari ya breki ya nyuma, ile ya mafuta, kwa sababu ndiyo mnayoifanyia haraka kuliko zote.

Nilianzia Kitale, kwenye gereji ya shirika letu, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati boda boda bado ilikuwa baiskeli yenye kiti cha sponji. Pikipiki tulizotengeneza zilikuwa zile ndefu za milimani, za wauguzi na watu wa kilimo. Mkubwa wa gereji alikuwa Fundi Okumu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye nilidhani amekasirika kila siku hadi siku niliyomwona amekasirika kweli.

Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya iliyopigwa pasi mpaka ikawa na mstari. Okumu aliitazama, akaguna, akanionyesha pikipiki ya afisa mmoja wa kilimo aliyelalamika kwamba breki ya nyuma haishiki.

"Panda," akaniambia.

Nikapanda.

"Hivyo ndivyo mwenyewe anakaa?"

Nikasema sijui.

"Basi shuka, uende ukamuulize."

Mwenye pikipiki alikuwa ng'ambo ya barabara anakula maandazi. Nikaenda kumuuliza mtu mzima namna anavyokaa. Alicheka mpaka chai ikamwagika, lakini akanijibu. Alikuwa anabeba gunia la mbegu mbele yake, juu ya tangi, na kwa hiyo magoti yalikaa nje kama ya panzi na mguu ulifika kwenye pedali kwa ncha ya kidole tu. Breki haikuwa na kosa lolote. Okumu akaishusha pedali kidogo, naye akaenda zake. Mimi nilibaki nimeudhika, maana nilikuja kufungua vyuma na siku ya kwanza imeisha bila kushika spana.

Baadaye nilizishika, tena mpaka nikachoka. Kutoa hewa kwenye breki nilijifunza kwa Okumu, na hivi alivyonifundisha ndivyo nilivyofanya hadi nilipostaafu. Kwanza mjue kinachotokea. Ukikanyaga pedali, mkono wake wa nyuma unainuka na kusukuma kijiti kwenye silinda ya breki, mafuta yanakimbia kwenye paipu mpaka kwenye kalipa kule gurudumuni, na pedi zinaibana diski. Mafuta hayakubali kuminywa. Hewa inakubali. Kwa hiyo hewa kidogo tu ikiingia humo ndani, utakanyaga na kukanyaga, na nguvu yako yote itaishia kuminya povu.

Basi unasafisha kikopo cha mafuta kabla ya kukifungua, maana vumbi la Trans-Nzoia linaingia hata kwenye yai. Unajaza mafuta mapya ya breki, kutoka chupa iliyofunguliwa leo, si ile iliyokaa wazi dirishani ikinywa unyevu. Unavalisha mpira wa dripu kwenye skrubu ya kutolea hewa, na ncha ya pili unaitumbukiza kwenye chupa ya soda yenye mafuta kidogo. Mpira wa dripu tuliupata kwa wauguzi, mpya, na hakuna chombo kilichopita hicho, kwa sababu unaona kila povu linavyopita. Mwenzako anakanyaga taratibu na kushikilia. Unalegeza skrubu kidogo, mafuta yanatoka na povu lake, unafunga, ndipo unamwambia aachilie. Akiachilia kabla hujafunga, umevuta hewa upya na mnaanza tena. Kikopo kisiishe kamwe. Na kama povu halitaki kutoka, angalia skrubu imekaa wapi. Hewa hupanda juu. Skrubu ikiwa chini ya kalipa, utamwaga mafuta mpaka jioni na hewa itakaa pale juu inakutazama. Fungua kalipa, iinue skrubu iwe juu kabisa, weka kipande cha mbao katikati ya pedi mahali pa diski, gongagonga kidogo kwa mpini wa spana, halafu endelea.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mtu mwangalifu anaijua kwa wiki moja. Kujua kwa nini hewa iliingia, hapo ndipo miaka inapokwenda.

Kuna mwalimu mmoja wa kilimo aliyeletwa gerejini kutoka Tongaren akiwa juu ya trela la mahindi, yeye na pikipiki yake. Gurudumu la nyuma lilikuwa limebana halizunguki kabisa. Nilipofungua kikopo nikasikia harufu ya jikoni.

"Ulitia nini humu?"

"Mafuta, fundi. Hiyo bleki ilikuwa imepungukiwa mafuta."

"Mafuta gani?"

"Si ya kupikia tu. Kwani mafuta si ni mafuta?"

"Basi leo jioni wewe ukaangie mayai mafuta ya breki, uniambie kesho."

Mipira yote ya ndani ilikuwa imevimba kama maandazi. Tulibadilisha mipira yote, tukasafisha paipu, na yule bwana alikaa pembeni muda wote akiniuliza maswali mazuri sana. Baadaye akawa ndiye mwendeshaji mwangalifu kuliko wote niliowahudumia. Nilimpenda. Sijawahi kumchukia mtu aliyekosea kwa kujaribu kuitunza mashine yake.

Nikahamishiwa Bungoma, kwenye ile gereji yetu nyuma ya ofisi, mnayoijua ninyi. Huko ndiko nilikokutana na Sista Naliaka, na habari yake ndiyo ninayotaka kuimaliza vizuri kabla macho hayajachoka.

Sista Naliaka alikuwa muuguzi wetu Kapsokwony. Mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya soko. Alizaliwa huku chini Bungoma, lakini kule mlimani walimpenda kama wao. Siku za chanjo alishuka kwa pikipiki na sanduku la baridi lililojaa dawa, akateremka ile barabara ya murram, isiyo na lami, yenye kona mpaka kituo chetu cha chini, upande wa Kimilili, ambako akina mama walimngoja na watoto. Mlioendesha kule mnajua kwamba kwenye murram ya mteremko huwezi kutegemea breki ya mbele. Ukiishika vibaya gurudumu linateleza na unalala. Pale ni breki ya nyuma na gia.

Mara ya kwanza aliletwa gerejini na matope mpaka kifuani. Breki ya nyuma ilimwishia katikati ya mteremko, akaona afadhali shamba la mahindi kuliko bonde.

"Fundi, pedali ilienda chini yote bana," akasema. "Nakanyaga, hakuna kitu. Nimekanyaga hewa!"

Na kweli ilikuwa hewa. Diski ilikuwa imebadilika rangi kuwa ya buluu, pedi zimeungua zinang'aa kama kioo, na mafuta yamechemka mpaka yakawa meusi. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ni hewa tu iliyokuja kwa mlango mwingine. Nikabadilisha pedi, nikatoa hewa, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Nikaizungusha uwanjani na barabarani mpaka kwenye reli na kurudi. Ilishika vizuri sana. Akaenda.

Haukupita muda mrefu akarudi na shida ileile. Safari hii nikafungua silinda nzima, nikabadilisha mipira ya ndani, nikapima diski kama imepinda, nikapuliza tundu la kurudishia mafuta. Kila kitu kilikuwa sawa. Gurudumu lilizunguka huru kwa kidole kimoja. Nikatoa hewa tena, na Sista akapanda tena kwenda mlimani.

Mara ya tatu alikuta watoto wa shule barabarani wakati breki imeshaisha. Alipiga honi, akapiga kelele, akaingia mtaroni kwa makusudi. Watoto hawakuguswa. Yeye aliumia bega. Alipokuja Bungoma mkono ukiwa kwenye kitambaa, hakucheka hata kidogo, na nilijua hapo kwamba jambo limefika pabaya.

Msimamizi wa magari wakati huo alikuwa Bwana Wekesa. Msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu mwema aliyewahi kumzika mwendeshaji wake mmoja huko nyuma, na tangu hapo hakulala vizuri siku za mvua. Alitukusanya sisi wawili ofisini kwake.

"Fundi, breki umetengeneza?"

"Nimetengeneza."

"Ikitoka hapa ni nzima?"

"Ni nzima."

Akamgeukia Sista, akaongea kwa upole. "Sista, madereva wa matatu wananiambia. Kila wakikufuata huko, taa yako ya breki inawaka. Inawaka tu, kutoka juu mpaka chini. Ati hutoi mguu kwa pedali. Ndio maana inaungua."

"Mimi sikanyagi hivyo."

"Taa inadanganya?"

Bwana Wekesa akasema ameamua. Safari ya chanjo inayofuata itakuwa ya mwisho kwake, na hata hiyo ni kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuifanya. Yeye Wekesa angengoja kule kituo cha chini achukue ufunguo. Kuanzia hapo Sista angekaa ndani ya kliniki, na chanjo za chini zingengoja mpaka apatikane mwanamume wa kuendesha. "Sitaki kwenda kumwambia mume wako maneno mimi," akasema. Nani angemlaumu?

Tulipotoka nje Sista alisimama kando ya pikipiki yake.

"Fundi, niambie ukweli. Inaweza kuwa ni mguu wangu? Mguu unakanyaga na mimi sijui?"

Swali hilo liliniuma. Nimewaona watu wengi wakibishana na mimi kuhusu mashine zao, na hilo silijali. Lakini kumwona mtu hodari ameanza kuushuku mguu wake mwenyewe, hapana. Nikamwambia sijui, lakini safari hiyo ya mwisho tutakwenda pamoja. Nilikuwa nimeijaribu ile pikipiki kila mahali isipokuwa pale inapougulia. Mahali Okumu alipo, nadhani aliguna.

Nikapanda Kapsokwony na pikipiki ya gereji asubuhi ya chanjo. Nilipofika, mzigo ulikuwa tayari umefungwa. Aliyeufunga alikuwa Mzee Ndiwa, mlinzi wa kliniki. Maisha yake yote kabla ya hapo alikuwa mtu wa punda, akishusha viazi na vitunguu kutoka juu ya mlima, na alijulikana mlima mzima kwamba mzigo aliofunga yeye haujawahi kuanguka. Sista aliniambia hivyo kwa fahari, na Mzee mwenyewe akatabasamu akitazama pembeni kama bibi harusi. Sanduku lilikuwa kwenye keria, limekazwa kwa blada, zile kamba za tyubu kuukuu, nyeusi, zimepita juu, chini na pande zote. Nikalisukuma kwa mkono halikutikisika. Nikasema moyoni huyu mzee ni fundi.

"Sista," nikamwambia, "leo utashuka na gia ya pili. Na mguu wa kulia, uutoe kabisa kwenye pedali. Uning'inize nje nikuone. Ukitaka breki, nyoosha mkono kwanza nijue."

"Watu watasema nimelewa."

"Wacha waseme."

Akaondoka, nami nikamfuata nyuma. Alikuwa anaonekana kituko kweli, mguu mmoja hewani ndani ya gambuti, na wanawake waliokuwa wakipalilia wakasimama kumtazama. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile taa nyekundu ya nyuma. Mguu uko nje, wazi kabisa, na taa inawaka. Hakuna mtu anayekanyaga pedali, na taa inawaka! Kila alipopita shimo na sanduku likaruka kidogo, haikuzimika. Nilipiga honi kama mwendawazimu.

Akasimama kwenye kona ya kwanza, karibu tu na kliniki. Niliitupa pikipiki yangu majanini, nikapiga magoti matopeni. Hapo nikaiona. Blada moja ilikuwa imeteremka kutoka kwenye sanduku upande wa kulia, ikapita chini ya tumbo la pikipiki, na kabla ya kurudi juu ilikuwa imezungushwa kwenye ule mkono wa nyuma wa pedali. Ilikuwa imekazwa vizuri sana. Ikiuvuta ule mkono kwenda juu, ni sawasawa na mtu aliyekanyaga breki, na kila sanduku liliporuka, iliuvuta zaidi. Mteremko mzima Sista alikuwa akishuka na breki imeshikwa nusu, na kwa kuwa ni mteremko, pikipiki ilikwenda tu na yeye hakuhisi uzito. Diski ikaungua, mafuta yakachemka, na siku anapoihitaji pedali, hakuna kitu.

Na mimi sikuweza kuiona gerejini kwa sababu kituo cha chini lazima sanduku lifunguliwe liingizwe kivulini. Pikipiki ilinijia siku zote bila mzigo. Kurudi mlimani sanduku lilikuwa tupu, jepesi, na Sista alilifunga mwenyewe juu ya keria kwa fundo moja.

Nikamwonyesha. Aliinama, akaushika ule mkono wa pedali, akaichezesha blada kwa kidole. Kisha akakaa chini palepale kando ya barabara, akalia.

"Si mguu wangu," akasema.

"Si mguu wako."

"Si mguu wangu, Fundi!"

Akaanza kucheka katikati ya machozi, kile kicheko chenyewe, nikafurahi sana kukisikia. Halafu akanishika mkono.

"Mzee asijue," akasema. "Nakuomba. Huyu mzee akijua, atakufa."

Lakini Mzee Ndiwa alikuwa ametuona kutoka langoni, na alikuwa anateremka kwa haraka ya wazee, fimbo mkononi. Sista akajipangusa uso, akaanza kusema kitu kuhusu waya wa taa. Mzee hakumsikiliza. Mtu aliyefunga mizigo maisha yake yote hahitaji kuelezwa. Aliiona blada iliyolegezwa mkononi mwangu, akaifuata kwa macho mpaka ule mkono wa chuma, akainama, akaibonyeza pedali kwa kiganja, akaona ule mkono unainuka. Akaibonyeza mara ya pili.

"Hii ndio breki?"

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nafunga hapa kila siku." Alivua kofia. "Punda unapitisha kamba chini ya tumbo, inashika pande zote mbili. Bila hiyo mzigo inaenda upande moja. Hii haina tumbo. Nilitafuta pahali ya kushika, nikaona hii chuma. Nikasema ni nzuri, iko nguvu."

"Mzee, hukujua," Sista akasema. "Hata fundi hakujua. Na amesomea!"

"Hii bega yako ni mimi."

"Bega limepona."

"Na wale watoto ya shule."

Mzee aliikunja ile blada polepole, akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa. "Tafuta mtu ingine ya kufunga, Daktari," akamwambia Sista, ambaye siku zote alimwita hivyo. " Mimi sifungi tena."

Kila nikiikumbuka sura yake naona uchungu. Miaka yote ile niliwaza kwamba kazi yangu inaisha kosa linapopatikana. Kosa lilikuwa limepatikana, limelala pale juu ya jiwe, na mzee amesimama barabarani amepungukiwa. Mimi nilikuwa tayari kulifunga sanduku mwenyewe tuende, maana jua lilikuwa linapanda na dawa haipendi jua. Nikainama kuichukua blada.

"Wacha hiyo," Sista akaniambia, kwa sauti ambayo sikuijua. Akamgeukia Mzee. "Baba, unisikie. Kule chini kuna akina mama wamekaa na watoto tangu asubuhi. Huyu fundi hajui kufunga mzigo. Mimi mwenyewe nafunga ikiwa tupu tu. Kama si wewe, mimi narudisha sanduku kwa friji na siendi."

"Nitakuua, Daktari."

"Huwezi kuniua. Sasa unajua breki iko wapi."

Tukangoja. Nawaambia ukweli, nilitaka kusema kitu na nashukuru sikusema. Mwishowe Mzee Ndiwa alivaa kofia yake, akaja. Nikamwonyesha mabomba ya keria yaliyo imara, na pale yanapoungana na fremu, mahali ambapo hakuna kinachotembea. Hakuharakisha. Alishika kila bomba, akalitikisa, akaniuliza, "Hii inashikana na breki?" Nikasema hapana. "Na hii?" Hapana. Alifunga polepole, kila fundo akalivuta mara mbili kulijaribu. Kisha akatuambia tuinue gurudumu la nyuma. Tukaliinua na stendi, akalizungusha kwa kidole chake mwenyewe, akalitazama likizunguka na kuzunguka mpaka lilipokaribia kusimama peke yake. Aliinamisha kichwa tu kumwambia Sista aende.

Tulishuka. Taa ile ilikuwa imezimika, na iliwaka pale tu Sista alipoikanyaga pedali, kwenye kona, kama inavyotakiwa. Kwenye sehemu ile ya shamba la mahindi alisimamisha pikipiki kabisa, katikati ya mteremko, bila sababu yoyote. Nadhani alitaka tu kusimama pale. Kisha akaendelea.

Bwana Wekesa alikuwa kituoni, amesimama mlangoni, mkono umenyooshwa kupokea ufunguo hata kabla hatujazima injini. Nikamwambia ashike diski kwanza. Akanitazama kama nimerukwa na akili, maana alikuwa na makovu ya diski moto. Nikaishika mimi, nikaacha kiganja changu pale. Ilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa. Naye akaishika. Nikamweleza habari ya blada na ule mkono wa pedali, na yeye akawa anasema tu, "Ati nini? Ati nini?"

"Na nani alikuwa anafunga hivyo?" akauliza mwishowe.

"Tulifunga sisi," akasema Sista Naliaka, "huko kliniki. Hatukujua." Akachukua ufunguo wake kutoka kwenye pikipiki, akautia kwenye mfuko wa sare, akaingia ndani kwa akina mama. Bwana Wekesa hakuunyoosha mkono tena. Wiki iliyofuata alinitaka nichomelee kulabu kwenye keria za pikipiki zetu zote, na ndizo hizo kulabu mnazoniuliza kila mara za nini.

Mimi nilibaki nje naosha mikono. Sista akatokeza kichwa dirishani, sindano mkononi, akanirushia simu yake ya mkono.

"Mpigie Mzee. Simu ya kliniki. Mimi nina watoto hapa."

Nikapiga. Ilipokelewa kabla haijalia vizuri, na kwa namna alivyokuwa anahema niliona kwamba alikuwa ameketi nayo mapajani tangu tulipoondoka.

"Mzee, ni fundi. Daktari amefika."

Nikasogea karibu na dirisha, nikaendelea.

"Amefika salama kabisa. Breki ni baridi. Yuko ndani anadunga watoto, unawasikia wanalia?"

Nikaielekeza simu dirishani ili asikie. Walikuwa wanalia kwelikweli. Niliporudisha simu sikioni nilisikia kwamba na yeye alikuwa analia, na nikangoja, maana sikuwa na haraka yoyote siku hiyo.

"Fundi," akasema baadaye.

"Naam, Mzee."

"Sanduku, ilisonga?"

Nikaenda nikalitazama tena, ingawa nilikuwa nimekwisha kulitazama.

"Haikusonga, Mzee. Hata kidogo."

"Sawa," akasema, na akakata simu.